Bibi na Maji ya Mto

Majuzi nilikaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi hapa mjini Morogoro, viwiko vimechubuka kwa kujikuna. Mama mmoja wa Mwembesongo alikuwa akimweleza mwenzake, "Shoga, ni kama mtu kanipaka pilipili halafu anaipuliza." Mzee mmoja akadakia, "Afadhali yako. Mimi naona kama siafu wanahama nyumba." Benchi zima likacheka. Mimi nilimkumbuka bibi, kicheko kikaniishia mdomoni.

Bibi aliishi milimani, juu ya Mkuyuni, kwenye nyumba iliyonukia karafuu mwaka mzima. Ndiye aliyenilea. Asubuhi tulianika karafuu kwenye jamvi, mchana tulikula ugali na kisamvu cha nazi, na katikati ya yote hayo bibi alijikuna. Alijikuna kwa gunzi la mahindi, na mgongo ulikuwa kazi yangu.

"Mume wangu, panda juu kidogo. Hapo. Aa, ameshahama."

Aliusema muwasho wake kana kwamba ni mtu. Upupu, alieleza, unawasha juu ya ngozi na unakwisha. Huu ulikuwa ndani, unatembea. Ukikunwa hapa unatokea pale. Jirani yetu, mwanamke asiyeishiwa maneno, alimwambia, "Wewe unawashwa na ujane tu. Tukutafutie mume." Bibi akajibu, "Ninaye huyu, tena anajua kukuna." Kwenye zahanati hawakucheka, lakini hawakuuliza mengi pia. Walimpa dawa nyeupe ya kupaka, tukarudi nayo nyumbani.

Dawa aliyoiamini yeye ilikuwa mto. Jua likishakuwa kali tulishuka mpaka pale maji yanapoporomoka kwenye mawe. Alipandisha khanga magotini, akatumbukiza miguu, akafumba macho. "Aah. Hapa analala." Mimi nilikaa pembeni nikila ndizi ya kuchoma, nikiwapiga wadudu wadogo weusi waliotuuma shingoni na miguuni. Sikuwa na mahali nilipopapenda kama pale.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Karafuu akawa anazichambua kwa kupapasa, na mimi ananitambua nikishasema shikamoo. Mwishowe hakuona kabisa. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Niliuliza, mkono wa nani? Nikaambiwa mtoto haulizi.

Nilikuja kuuliza nikiwa chuo kikuu, kwenye vitabu, ingawa sikusomea udaktari. Wale wadudu weusi ni usubi. Wanazaliana kwenye maji yaendayo kasi na wanauma mchana. Wakishakuuma mara nyingi, wanakuachia mwilini minyoo ambao watoto wao hutembea chini ya ngozi na kuwasha, wengine mpaka machoni, wakapofusha. Nilifunga kitabu. Siku zote zile bibi alikuwa akikimbilia nafuu pale pale alipokuwa akiumizwa.

Wapo walioniambia ni kudra. Labda. Lakini kudra gani hiyo inayompoza mtu miguu huku ikimchukua macho?

Mwezi uliopita nilipanda tena milimani. Bibi alikwishafariki zamani. Jirani yetu, sasa kikongwe, aliniambia kwamba vidonge vya usubi hugawiwa bure na watoto wa siku hizi hawajikuni kama sisi. "Shukuru basi," alisema alipoona uso wangu. Nilishukuru. Nikajiuliza pia vidonge hivyo vilikuwa wapi sisi tulipokuwa na gunzi.

Baada ya kupofuka, bibi aliendelea kuniomba nimpeleke mtoni. "Macho yameondoka, mume wangu, muwasho umebaki." Nilimshika mkono, tukateremka polepole, akinitania kwamba namwendesha kama bi harusi. Tulicheka njia nzima. Siku hizi watu wakiniuliza utoto wangu ulikuwaje, naanza kuwasimulia habari za mto, kisha najikuta nakuna viwiko.