Mashati Mawili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Juzi mjukuu wangu Nassor alisimama mlangoni kwangu hapa Kilburn, ughaibuni, na baskeli yake, kavaa shati juu ya shati. Anakwenda Ufaransa na wenzake, kwenye bonde la mto lenye mashamba ya zabibu za mvinyo.

"Kufanya nini huko?"

"Kuendesha baskeli, Bibi, na kutazama majumba ya zamani. Kutembea tu."

Mtadhani nilichoshuku ni mvinyo. La. Ni hilo neno, kutembea tu.

Baada ya mapinduzi, kule Unguja, alasiri moja mama alipiga pasi ya makaa, chumba kizima kikanuka nguo ya moto. Baba akavaa mashati mawili, akashika baskeli.

"Mbona mawili, Baba?"

"Upepo, mwanangu. Natembea tu, nakwenda kutazama bahari."

Upepo haukuwako, hata pazia halikutikisika. Nikashuku anakwenda harusini na hataki kunichukua. Nikausikiliza mnyororo wa baskeli mpaka ukapotea, kisha nikakaa barazani kungojea aniletee halua.

Kesho yake jirani aliirudisha baskeli kutoka pwani. Baba hatukumwona tena.

Sasa najua kwamba mashati mawili ni mzigo wa mtu asiyetaka kuonekana ana mzigo.

Nassor alisema begi lake ni dogo. Huenda. Nikamwambia, na wote nyumbani wakasikia: "Vua moja, litie begini. Na kila anayetoka humu aniage, aniambie anarudi lini."