Mzigo wa mama niliupanga mkiani mwa boti, nusura niimalize familia yangu njia ya Himo

Wakuu, habari za Jumapili.

Hili nimekaa nalo wiki nzima, leo naona niwamegee. Sijaongeza chumvi. Mke wangu ni shahidi na bado ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Nilinunua boti ndogo ya fiber, used, ya kutembeza familia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Niliipaki kwa mama, Uru, nikawa naipaka rangi. Jumamosi ya wiki iliyopita asubuhi nikafunga tela lenye boti nyuma ya gari langu, Noah, mke na watoto watatu ndani, tuanzie kwa dada yangu Mwanga.

Sasa mnawajua mama zetu wa Uchagani. Kwake hutoki mikono mitupu.

"Unaenda kwa dada yako na chombo kikubwa hivyo kikiwa kitupu? Watu watasemaje?"

Ikaja mikungu minne ya ndizi, gunia la magimbi na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikarundika vyote mkiani mwa boti, kwa sababu ndiko nilikofikia kwa urahisi. Injini nayo ilikuwa imefungwa huko huko. Nikajiona fundi.

Kushuka Uru taratibu, hakuna shida. Mambo yakabadilika barabara kuu, mteremko kabla ya Himo, speed themanini.

Nikahisi gari linavutwa kiuno. Kwenye kioo boti iko kushoto, mara iko kulia, na kila mzunguko inazidi. Mbele basi linakuja. Wakuu, niliogopa sijawahi kuogopa hivyo.

Mke akapiga kelele, "Yesu!" Nikashtuka, mguu ukatoka kwenye mafuta. Breki sikugusa. Msinisifu, haukuwa ujuzi, mguu ulikufa ganzi tu. Nikabana usukani unyooke, gari likapunguza lenyewe, tela likatulia, basi likapita. Nikaegesha pembeni.

Nyuma yangu kulikuwa na lori. Dereva wake, mtu mzima wa makamo, alikuwa amewasha hazard na kuzuia magari yasini-overtake muda wote ule. Akashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia tela.

"Lichomoe kwenye gari."

Nikachomoa. Akainua mkono wa tela kwa vidole viwili.

"Unaona? Mbele hakuna uzito. Mkia ndio unakuendesha wewe. Ungekanyaga breki kwa nguvu, lingewazungusha. Nani alipanga huu mzigo?"

Mke akanijibia, "Fundi mwenyewe huyo."

Yule mzee akavua shati, tukahamisha mzigo pamoja. Magimbi na ndizi mbele kidogo ya tairi za tela, injini ndani ya gari, kila kitu kikakazwa kamba. Akasema nisizidi sitini, na tela likianza kuyumba tena niachie mafuta, nisipambane nalo.

Tukafika Mwanga boti imetulia kimya.

Kwa hiyo wenye tela, hata la kubebea majani ya ng'ombe: uzito ukae mbele kidogo, usikae mkiani. Na zawadi ya mama pokea, ila ipange wewe kwa akili.

Wenye uzoefu ongezeni, na wa kunicheka chekeni, nimestahili.

Yule dereva sikumuuliza jina, akili haikuwepo. Mzee wangu, kama unapita humu: walikuwa watatu kiti cha nyuma, na leo asubuhi wote watatu wamegombania chapati.