Dole Langu na Vitabu vya Wanafunzi wa Ziwa

Mwaka nilioanza kazi ulikuwa mwaka wa ndizi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi na mawese, na zote zilishuka kutoka milimani Kalinzi kwa sababu ziwa lilikuwa limetunyima. Dagaa hakuna, migebuka hakuna. Ujiji nzima, harufu ya samaki ikitoka jiko fulani, watu wanachungulia kujua ni kwa nani. Mimi niliyeanika dagaa tangu sijaolewa nikawa sina cha kuanika. Nikaenda kuomba kazi ya kufagia kwenye kituo cha elimu ya ziwa, kule wanakokuja wanafunzi wa vyuo kufanya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe wanaita fildi.

Siku ya kwanza fagio sikulishika. Nilimkuta Mkuu wa Kituo uani na wanafunzi wanne waliobeba mabango. Akaniuliza, "Mama, mwaloni unapajua?"

"Nimekulia huko."

"Basi tuongoze."

Mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki, na wanawake ndio wenye mchanga wake. Tukafika, wakakusanyika, bango la kwanza likafunguliwa. Pweza! Mkuu yule alisomea bahari huko pwani, na mabango yake alikuja nayo kutoka huko huko. Mwanafunzi mmoja akaanza kutufundisha jinsi maji yanavyojaa na kupwa. Kwenye Tanganyika! Mama Tatu, jirani yangu ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo mdudu wa miguu minane tunamvua wapi? Kalinzi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini nimsifu Mkuu yule, hakununa. Alikunja mabango, na tuliporudi kituoni akasema, "Mama, fagio atashika mwingine. Kuanzia leo, mwanafunzi yeyote atakayekwenda kufundisha ufukweni ataanza kwa kufundishwa na ninyi."

Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu nilioutumikia mpaka nikazeeka. Kila mwanafunzi ana kitabu cha kazi, anaandika humo alichofanya kila siku. Siku thelathini alitakiwa kufanya kazi na wanawake mwaloni kabla hajashika kipaza sauti. Kila siku aliyofanya kweli, mimi naweka alama. Nilisoma mpaka darasa la nne, saini ninayo, lakini Mkuu aliitazama akacheka. "Hii hata kuku anaiiga, mama. Weka dole gumba." Akanipa kidau cha wino. Madole thelathini yakitimia, mwanafunzi anaruhusiwa kufundisha watu. Yasipotimia, anabaki kuosha chupa za maabara.

Msidhani ilikuwa adhabu. Dagaa ana elimu yake. Ukimwanika mchangani anashika mchanga, ukimweka kwenye kichanja, ile meza ya miti na wavu, anakauka juu na chini. Jua likiwa kali unamgeuza upesi, wingu likija unamkusanya kabla tone halijaanguka. Tumbo lake ukilibonyeza unajua kama ana mayai. Mwanafunzi aliyekwisha kubonyeza matumbo elfu akimwambia mvuvi aache nyavu za kukomba samaki wachanga, mvuvi anamsikiliza, kwa sababu mikono ya mwanafunzi inanuka kama yake.

Nilianzia mwalo wa Kibirizi, nikahamishiwa Ujiji, kisha Mkuu wa pili, mama mmoja mkali mwenye miwani, akanipeleka milimani Kalinzi. Nilimwuliza, "Dagaa wa Kalinzi wako wapi, mkuu?" Akasema, "Udongo wao unashukia wapi, mama?" Nikafunga mizigo. Mwenye kahawa akilima kwa kushuka na mteremko, mvua inachukua udongo wa shamba lake na kufukia pale samaki wanapotagia. Basi tulipita njia za miguu na wanafunzi, tunaamkia watu "Mwakeye," tunashika majembe nao, tunachimba makinga maji. Huko nako siku thelathini, dole kwa jasho, mpaka niliporudishwa mwaloni.

Hata mjukuu wangu Zuwena, wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo kikuu, alipita mikononi mwangu. Siku moja alifika jua limeshapanda, dagaa wameshaanikwa. Hakupata dole. Akalia, "Bibi, mimi ni damu yako!" Nikamwambia damu yangu inaamka mapema. Leo anafundisha mambo ya samaki, na watu wakimsifu nanyoosha shingo kama twiga. Sioni haya.

Sasa niseme kinachonichoma. Pale sokoni Mwanga watu wananipa mkono, "Hongera, bibi, kwa kustaafu." Kustaafu gani? Walinipa keki na saa ya ukutani kuziba midomo ya watu. Mimi nilitolewa.

Alikuja Mratibu wa Elimu kwa Jamii, cheo kipya, viatu vipya. Akaja na mwanafunzi aitwaye Erasto, mtoto wa dada yake. Erasto alikuja mwaloni mara moja, kaketi kwenye pikipiki, hata hakushuka. Kutoka juu ya pikipiki akawaambia wanawake wafunike dagaa kwa turubai mchana, kuzuia nzi. Mama Tatu siku hizi macho hayaoni vizuri, na vijana wenye vitambulisho shingoni anawaamini. Akafunika. Jua la saa saba likawapika dagaa humo ndani, kufika jioni ni uji unaonuka. Mavuno ya wiki nzima alimwaga ziwani huku anajitukana mwenyewe. Kajitukana yeye!

Baada ya wiki sita Mratibu akaniita ofisini. Mezani kitabu cha Erasto, siku thelathini zimeandikwa, zinangoja wino.

"Shikamoo, bibi. Tumalizie hili. Wiki ijayo kijana anaanza kufundisha mialo yote, kuanzia hapa mpaka mpakani."

Nikavaa miwani, nikasoma polepole kama nilivyozoea. Jumatatu, nilianika dagaa. Jumanne, nilianika dagaa. Jumatano, nilianika dagaa. Mfululizo, wiki juu ya wiki. Mtoto hakujua hata kudanganya. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, maboti yanalala ufukweni wiki nzima, na wanawake tunasukana nywele. Kila aliyewahi kukaa mwaloni mwezi mmoja analijua hilo, hata mbwa wanalijua, maana nao wanakonda. Katika kitabu cha Erasto mbalamwezi haikuwahi kutokea.

Nikamwuliza Mratibu, "Hawa dagaa wa mwezi mpevu kawatoa wapi?"

"Bibi, hayo ni mambo madogo."

"Mama Tatu kamwaga dagaa wa wiki nzima."

"Ni dole tu, bibi! Unajua mkataba wako unaisha mwezi huu? Na umri wako unaujua?"

Nikafunika kidau cha wino. Nikamwambia, "Siweki. Dole langu haliendi ambako miguu ya Erasto haikufika."

Mwisho wa mwezi keki ikaletwa. Mratibu alinisifu mbele ya watu kwa maneno mazuri, na wenzangu wa miaka yote wakapiga makofi huku wanatazama sakafu. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko kufukuzwa. Ninyi vijana mnaoingia kazini leo, mtaambiwa karatasi ni karatasi tu. Muulizeni Mama Tatu. Karatasi ikiwa ya uongo, mtu asiyeijua ndiye anayeilipia, na wala hajui analipia nini.

Juzi bodaboda imesimama mlangoni kwangu Gungu. Akashuka Mratibu mwenyewe, kreti ya soda begani, kitabu kile kile kwapani. Kumbe Mkuu mpya kagoma kumruhusu Erasto bila madole yangu. Nikamkaribisha, mgeni ni mgeni, nikampa kigoda.

"Bibi, sasa huna kazi ya kupoteza," akasema kwa upole, anafungua kidau. "Na ukitusaidia hili, kuna nafasi ya kurudi kituoni. Wanafunzi wanakuulizia kila siku, wallahi. Kila siku."

Hapo alinigusa, nisiwadanganye. Mchanga ule naukumbuka. Asubuhi bado naamka saa ya maboti, nakaa kitandani sina pa kwenda. Nikautazama wino. Nikatazama dole langu, bado lina weusi kwenye mikunjo.

"Soda chukua," nikasema, "utasikia kiu njiani."

"Bibi, dakika moja tu."

"Siweki. Dole langu haliendi ambako miguu yake haikufika."