Bibi Ozella na Kadi Iliyolisha Msiba Wake

Bibi yangu alinunua chakula cha msiba wake mwenyewe, siku nne baada ya kukata roho.

Msinitolee macho. Risiti ninayo.

Bibi Ozella Tibbs alifariki Jumanne, hapa hapa Harlow Bend, kando ya mto Mississippi. Alikuwa na kadi ya chakula ya serikali. Kila mwezi walimwekea dola ishirini na tatu tu, kwa sababu kompyuta yao ilikitazama kile kipensheni chake ikamwona karibu tajiri.

Akadunduliza miezi minane. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono pale hospitali.

"Lunetta, namba ya siri unaijua. Watu wakitoka kunizika, wale kuku. Mtu asitoke kanisani kwangu na njaa nikaaibika."

"Bibi, ukishaondoka hiyo kadi hairuhusiwi kutumika."

"Nikishaondoka watanifanya nini?"

Kwetu mtu akizikwa, waombolezaji wanarudi kanisani kula. Mahubiri watayasahau. Meza tupu hawaisahau hata wajukuu wao. Na mimi jeneza lilikuwa limenikomba, mfukoni zimebaki dola tisa.

Basi Jumamosi asubuhi nikaingia dukani na kadi ya marehemu. Nikafungashiwa vipande themanini vya kuku wa kukaanga, wanatoa moshi, wananukia mpaka nikasahau kulia.

Mashine ikagoma.

Keshia alikuwa Marquetta, nilisoma naye. Akainama kunisogelea.

"Shoga, hawa kuku ni wa moto."

"Ndiyo uzuri wao."

"Kadi hainunui chakula cha moto. Nenda kwenye friji kule nyuma, wapo wa jana. Wale wanapita."

"Si kuku wale wale?"

"Wale wale. Ila wakiwa na joto, serikali inaona unajidekeza."

"Sahani za karatasi?"

"Haziliwi hizo. Hapana."

"Sabuni ya vyombo?"

"Hapana."

Nikanyoosha kidole kwenye gunia la kamba wa mtoni, wazima kabisa, wanatambaa. "Na wale?"

"Hao ruksa."

"Yaani kamba anayetembea ruksa, kuku aliyeiva marufuku?"

"Mimi nimeajiriwa kubonyeza vitufe, Lunetta. Sheria sikutunga."

Nikarudisha kuku wa moto, nikabeba wa baridi. Ikabaki keki. Ilikuwepo moja tu, ya bluu, iliagizwa na mtu ambaye hakuja kuichukua. Juu yake dinosaria wa plastiki na maandishi: HONGERA TYRESE, MIAKA 7.

"Hii je?"

"Keki ya bethdei inaruhusiwa, mradi mapambo yasiyolika yasizidi nusu ya bei." Marquetta akamgeuza yule dinosaria huku na huku kama hakimu. "Amepita."

Nyuma yangu kwenye foleni, mzee mmoja mwenye kofia ya uwindaji akaguna kwa sauti ya kusikika. "Ndiyo haya sasa! Kodi zetu zinasherehekea bethdei."

"Siyo bethdei, baba. Ni msiba."

Akaiangalia keki. Akaniangalia mimi na gauni langu jeusi. Akaamua kusoma bei za bablishi.

Dola zangu tisa zikanunua sahani.

Kanisani, Dada Verdell, mkuu wa jiko, aliwapasha kuku trei moja moja kwenye ile oveni mbovu, jasho linamtiririka. Halafu akafunua keki.

"Lunetta. Tyrese ni nani?"

"Ndugu wa mbali."

"Na huyu mjusi?"

"Naye wa mbali."

Dada Verdell alicheka mpaka akashika meza. Watu arobaini wakala. Mchungaji akaongeza mara tatu, na mkia wa dinosaria ukakutwa umelambwa. Hakuna aliyeondoka na njaa.

Wiki tano baadaye zikaja bahasha mbili siku moja, kutoka ofisi moja, zote kwa jina la Bibi Ozella.

Ya kwanza ilisema kadi yake imetumika baada ya kifo chake, hivyo apige simu ajieleze.

Nikapiga mimi.

"Naomba kuongea na Bi Ozella Tibbs," akasema ofisa, anaitwa Pettibone.

"Amefariki."

"Najua, tumemwandikia kuhusu hilo. Nani alitumia kadi?"

"Mimi, mjukuu wake. Nililisha msiba wake kwa akiba yake."

"Hilo ni kosa, dada. Andika barua ya kuomba radhi, nifunge faili. Usipoandika, wewe mwenyewe hutapata kadi mwaka mzima."

Mwaka mzima. Na mimi kazini nilikuwa nimeshapunguziwa siku.

Wakati anaendelea kunisomea vifungu, nikachana bahasha ya pili. Nikasoma. Nikarudia. Nikamkatiza.

"Bwana Pettibone, nikusomee kidogo? 'Hongera, Bi Ozella! Tumepitia upya hali yako. Kwa kuwa sasa huna kipato chochote, kuanzia mwezi ujao utapokea kiwango cha juu kabisa.' Wameandika karibu dola mia tatu."

Nikasikia anabonyeza, anabonyeza.

"Ni kwamba… pensheni ilisimama. Kompyuta ikaona hana kipato."

"Imeona sawa. Hana kipato, hana jiko, na sasa hivi hana hata tumbo."

"Hilo ni suala la idara nyingine. Turudi kwenye barua ya radhi."

Somo langu kwenu ni dogo. Ukiwa kikongwe mwenye pumzi, utapewa ishirini na tatu. Ukitaka huruma kamili, tangulia kwanza kaburini, halafu usubiri posta.

Barua sikuandika. Jina langu limeshaingia kwenye orodha yao na mwaka huu sina kadi, nakula kwa taabu na nitaendelea kula kwa taabu.

Siombi radhi. Leo siombi, na wakipiga tena kesho siombi.