Kioo Kilichonenepesha Watu

Watu wa mtaani kwetu wanasema mama mdogo wangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya picha ya marehemu. Waongo. Hakufukuzwa. Angefukuzwa ningeshukuru, maana mtu akifukuzwa anajua amefukuzwa. Analia, anatukana, kesho yake anatafuta kwingine. Mama mdogo alipewa kiti.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, na mnisamehe nikipandisha sauti. Jambo hili nimelitafuna mpaka leo na bado halimezeki.

Duka letu linachapa kadi za harusi, vijitabu vya mazishi, risiti, vyeti, chochote ambacho mtu anataka kukiona kwenye karatasi. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akipanga kurasa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa, na bado niko, nyuma ya pazia kwenye mashine ya kukatia. Alianza kazi pale akiwa msichana, enzi za taipureta, chini ya mzee aliyelifungua duka, na mji ukamwita Mama Kadi kabla hata hajapata mume wa kumwacha. Mzee yule aliacha sheria moja: hakuna ukurasa unaokwenda kuchapwa kabla aliyeupanga hajausoma kwa sauti mbele ya mteja, neno kwa neno, na mteja akasema ndiyo. "Ukikosea jina la mtu," alikuwa akisema, "umemkosea yeye na mama aliyemzaa." Na mama mdogo alijua kusoma. Nimewaona wanaume wazima wakifuta machozi kwa kusikia kadi zao wenyewe.

Mzee alipofariki, duka likaenda kwa mwanawe. Mtoto huyo, mama mdogo ndiye aliyembeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kuandika jina lake kwenye ileile taipureta. Sasa tunamwita Bosi.

Macho yalianza kumwishia mama mdogo taratibu. Daktari alimmulika, akasema kuna kitu nyuma ya jicho kinachokufa kidogo kidogo, na huko miwani haifiki. Mama mdogo alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani na mkoba ukiwa bado begani.

"Ukimwambia mtu," akaniambia, "mimi na wewe basi."

"Hata Bosi?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Mpanga kurasa kipofu ni kama mpishi asiyesikia chumvi. Nani atamweka?"

Nikamtunzia siri. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, huyu ndiye aliyenilea, na mtu hamvui nguo mama yake sokoni.

Wakati ule alikuwa bado anamudu. Kompyuta yetu ilikuwa na kioo cha zamani, kile chenye kisogo kama sanduku, na herufi zake zilikuwa kubwa. Siku kioo kile kilipofuka moshi, Bosi akanunua kipya, chembamba na kipana, akajisifu nacho kwa majirani. Mama mdogo alikaa mbele yake, akasogeza pua, akasogeza tena.

"Herufi zimekuwa sisimizi," akaninong'oneza.

Bosi alipotoka, sisi wawili tukachokonoa mpaka tukapafikia pale panapopangwa vinukta vinavyojenga picha kwenye kioo. Ukiamuru viwe vichache, kila kitu kinakuwa kikubwa. Tukakipa kioo kipya kipimo kilekile cha kioo marehemu. Herufi zikarudi kubwa, na mama mdogo akanikumbatia pale pale kama tumeokota dhahabu.

Kumbe kile kipimo kilikuwa cha kioo cha karibu mraba, na hiki kipya ni kipana. Kwa hiyo kila kitu kilivutwa kwenda pembeni. Herufi zilinenepa. Ukichora duara, unapata yai lililolala. Na watu! Kila aliyeleta picha yake alitokea amejaa mashavu, kidevu kimeketi juu ya kidevu. Mama mdogo hakuweza kuvumilia kumwona bibi harusi katika hali ile. Akawa anaikamata picha ubavuni kwa mausi na kuiminya, mpaka uso ufanane na mtu. Kwenye kioo ilikaa sawasawa. Kwenye karatasi ilitoka imekonda.

Unadhani kuna aliyelalamika? Thubutu! Mabibi harusi walitazama kadi zao wakapiga vigelegele. Mama mmoja mnene, mcheshi, alizigawa kadi za binti yake huku akisema duka letu limeikondesha familia nzima bila mtu kufunga hata siku moja. Habari zikaenea. Wakaja kutoka mitaa ambayo sisi wenyewe hatuijui. Bosi akapaka ubao mpya nje: KWETU UTAPENDEZA. Sisi wengine tulidhani ndio ufundi wa mama mdogo, na yeye mwenyewe hakujua, kwa sababu karatasi alizikagua kwa lenzi ya kukuzia, herufi moja moja, akiwinda makosa. Uso mzima wa mtu hakuwa ameuona kwenye karatasi kwa muda mrefu.

Ndipo asubuhi moja ikaingia familia yenye msiba, wamevaa nguo za kuzikia, na bunda la vijitabu tulivyowachapia jana yake. Aliyetangulia ni mtoto wa kwanza wa marehemu, mwanamume mwenye mvi. Hakusalimia. Aliweka kijitabu kimoja juu ya meza.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni marehemu mama yenu," Bosi akajibu.

"Mama yetu aliumwa mpaka akabaki mifupa. Kumgeuza kitandani ilikuwa kama kugeuza shuka. Tukahangaika kutafuta picha ya zamani, ya wakati alipokuwa na mwili wake, ili watu wamkumbuke hivyo." Akakigonga kijitabu kwa kidole. "Nyinyi mmemkondesha upya. Ugonjwa ulimkondesha mara moja, na nyinyi mara ya pili."

Mama mdogo alisimama, mkono kifuani.

"Picha niliipanga vizuri, baba. Kwenye kioo ilikuwa vizuri kabisa."

Hapo ndipo Bosi akatamka neno la kutumaliza. "Basi kioo kina hitilafu. Aitwe fundi."

Fundi alikuwa mlango wa pili, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, anatengeneza simu na redio. Akaja na bisibisi mdomoni. Akazima, akawasha. Akauchomoa waya wa kioo, akaupuliza, akaurudisha. Akaenda kuleta waya mwingine. Akabonyeza vitufe vya chini ya kioo mpaka rangi zikawa za samawati kisha zikarudi. Wafiwa walikuwa wanatazama saa. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake akirudia neno moja.

"Usiibadilishe, baba. Mimi nimeizoea hivyo."

"Mama, mwache fundi afanye kazi," Bosi akasema. "Hebu wapatie wageni maji."

Naye akaenda kuleta maji. Ndivyo alivyo, ukimwambia kuna mgeni ana kiu hajui kukataa.

Fundi akachora duara kwenye kioo. Likatoka yai. "Ahaa!" akasema, kama aliyemkamata kuku mwizi. Akafungua mipangilio, akateremka mpaka kwenye kipimo kilichoandikwa kwamba ndicho kinachofaa, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, na kila kitu kikawa chembamba, safi na kidogo. Kisha mashine ikauliza: unataka kubaki na mabadiliko haya? Wanaojua kompyuta wanajua, usipoijibu inarudi yenyewe ilikokuwa. Inasubiri kidogo. Mimi nilisimama penye pazia nikiomba yule mtu apige chafya, aitwe nje, aangushe bisibisi. Akabonyeza ndiyo. Jamani, mashine yenyewe ilikuwa na adabu ya kuuliza. Mle ndani hakuna binadamu aliyemuuliza mama mdogo kitu.

Bosi akakaa mwenyewe, akairudisha picha ya marehemu kwenye unene wake. Mama yao akatokea, mashavu yake, shingo yake yenye mikunjo, na yule mwanamume mwenye mvi akageukia ukutani. Alipogeuka tena, akaomba jambo moja. Katika orodha ya waliobaki walikuwa wamemsahau mke wa kitindamimba, na huyo ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Bosi akaliandika jina lake. Huyo mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mdogo wa umbo, mikono imechubuka kwa kufua. Aliinamisha kichwa akasema asante.

Mama mdogo akaingia na maji. Bosi akainuka.

"Haya mama, wasomee, tuchape. Muda hauko."

Sheria ya mzee. Mama mdogo akakaa. Nilikuwa namwona uso kwa ubavu. Alikitazama kile kioo, na nilijua haoni kitu ila mwanga. Akasafisha koo, akasoma.

Alisoma, ndugu zangu! Alisoma tarehe ya kuzaliwa, kijiji, shule, ndoa, watoto kwa mpangilio, kila nukta mahali pake. Alikuwa ameupanga ukurasa ule jana yake na kuushika wote kichwani. Mwanamume mwenye mvi alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaanza kupumua. Akafika kwa wakwe, akawataja, akampita yule mdogo, akaingia kwa wajukuu.

"Mimi sijaandikwa?" sauti ndogo ikauliza kutoka mlangoni.

"Umeandikwa, nimekuandika mwenyewe," Bosi akasema. "Mama, rudia hapo kwa wakwe."

Mama mdogo akarudia. Vilevile. Akampita vilevile.

Bosi akainama. Akaweka kidole kwenye kioo. "Mama. Hapa pameandikwa nini?"

"Nipe muda, mwanangu."

"Hapa. Ninapogusa."

Mama mdogo aliiweka mikono mapajani. Kisha akageuka, akitafuta upande uliko mlango, na akamwambia yule mkwe, "Nisamehe, binti yangu. Sikukuona." Kila mtu alielewa maana yake, na nilitamani ardhi ipasuke, imeze duka na mashine na mimi.

Walipoondoka na vijitabu vyao vipya, fundi aliyekuwa bado anakunja waya akatoa hekima yake. "Mficha maradhi, kilio humfichua." Nilimwambia akaiseme methali hiyo kwa mkewe. Aliyeitunga hakuwahi kuficha ugonjwa ili asilale njaa.

Bosi hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alimshika mama mdogo bega. "Ungeniambia, mama. Wewe ni mzazi hapa." Kesho yake tukakuta kiti cha plastiki kimewekwa mlangoni, chenye mto. Kazi yake mpya, kuwakaribisha wateja. Kwenye kompyuta alikaa shemeji yake Bosi, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa hana la kufanya nyumbani. Mshahara wa mama mdogo ulipunguzwa kwa upole uleule.

Baadaye fundi aliniita pembeni. Nadhani dhamiri ilikuwa inamnyima usingizi. Akaniambia ndani ya ile kompyuta kuna mahali pa kukuza herufi peke yake, ziwe kubwa kama ngumi, bila kumnenepesha mtu wala kumkondesha. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili. "Mngesema," akaniambia, na ndivyo mimi na mama mdogo tulivyojua, tukiwa tumeshachelewa. Nilimpelekea Bosi habari hiyo mbio, mikono ina vumbi la karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni wazo zuri. Ila shemeji ameshazoea."

Miezi ikaenda. Kadi za harusi zikaanza kurudi. Mabibi harusi walijitazama wakanuna: mbona kadi ya dada imempendeza, yangu nimekuwa pipa? Wengine wakahamia kwingine. Ubao wa KWETU UTAPENDEZA ukawa kichekesho cha mtaa. Bosi na shemeji wakawa wanavuta picha huku na huku, mara mtu anakuwa ufagio, mara anarudi pipa. Asubuhi moja nikamsikia Bosi akiita kutoka kwenye kompyuta.

"Mama! Hebu njoo huku kwenye mashine mara moja."

Nilifungua pazia. Mama mdogo aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki upesi, upesi kuliko nilivyomwona akiinuka siku nyingi. Akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri. Akanyoosha gauni. Akaja akiisindikiza meza kwa kiganja mpaka alipokigusa kile kiti cha zamani, akashika mgongo wake, akasimama akingoja aliyekikalia ainuke.

Shemeji hakuinuka.

"Usisumbuke kukaa, mama," Bosi akasema. "Tulitaka kujua tu, zile picha ulikuwa unaziminya kiasi gani?"

Mkono wake ulibaki pale kwenye mgongo wa kiti.

"Sikuwa naziminya, mwanangu. Nilikuwa nazirudisha, mpaka uso ufanane na mtu."

"Hiyo ni asilimia ngapi?" shemeji akauliza, kalamu mkononi.

Mama mdogo alifikiri kweli. Nilimwona akifikiri, akitaka kuwasaidia. Kisha akasema hajui, alikuwa anaona tu. Akakiachia kile kiti, akarudi kwa njia ileile, kiganja juu ya meza, akakaa mlangoni kwenye mto wake. Mteja mmoja alikuwa anatoka.

"Karibu," mama mdogo akamwambia.