Viwavi wa Wifi

Kati ya neno wifi na neno wivu pana tofauti ya herufi mbili tu, na kwa muda wa miezi saba sikuweza kuyatenganisha.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, ni fundi cherehani. Alikuja nyumbani kwetu na sanduku moja la nguo, cherehani ya kukanyaga, na makopo ya rangi kumi na manne yaliyopandwa miche. Niliyahesabu yalipokuwa yakishushwa garini. Mama alisimama mlangoni akayatazama yakipita mbele yake moja baada ya jingine.

"Mwanangu," akasema, "umeolewa wewe au yameolewa makopo?"

"Tumeolewa sote, mama. Ila mimi ndiye ninayeongea."

Mama akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nimeishi na mama miaka ishirini na minne, na sikumbuki ni lini nilimchekesha kiasi hicho. Ugomvi wangu na wifi, ambao yeye hakuujua, ulianza siku hiyo.

Wateja wake wanamwita Pini, kwa sababu huongea huku pini zimepangwa midomoni, na haijawahi kuanguka hata moja. Alifundishwa kushona na shangazi yake kabla hajatimiza miaka kumi na tatu, na hakukaa darasani tena baada ya hapo. Hupima kwa shubiri ya mkono, kisha huthibitisha kwa futi ili mteja aridhike. Hatupi kipande cha kitambaa. Vipande visivyofaa hata kiraka huvitumia kufungia miche kwenye vijiti, kwa hiyo upande wake wa ua ulikuwa na riboni za sare za shule, za mapazia na za magauni ya harusi.

Mimi nimesomea usanifu wa bustani kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi. Cheti changu kimetundikwa sebuleni, juu ya redio. Ninafanya kazi kwenye kitalu cha miche, ambako bosi peke yake ndiye aliyekuwa akichora. Sisi wengine tulihamisha miche, tukamwagilia na kubandika majina. Nilipomwomba nami nichore, alinijibu kwa neno ambalo nililishika kama amana: "Nionyeshe bustani moja uliyoichora ikasimama, nami nitakupa mteja wako mwenyewe."

Nyumbani tuna ua wa nyuma wenye urefu wa hatua ishirini na mbili. Mama aliugawa kwa safu ya matofali, upande mmoja wangu na upande mmoja wa wifi. Wangu ulikuwa na jua la asubuhi. Wake ulikuwa na maji ya bafuni na mlimau mmoja uliokonda.

Nilichora kwa majuma matatu. Bustani yangu ingekuwa ya kisasa na isiyodhuru viumbe, kama zinavyotakiwa siku hizi. Niling'oa saruji, nikapanga mawe yenye nafasi katikati ili mvua izame ardhini. Maji ya paa niliyaelekeza kwa mfereji kwenye bonde dogo la mimea inayopenda unyevu. Sikupanda ukoka, bali vichaka vya asili ya hapa hapa visivyodai kumwagiliwa kila siku. Niliweka bakuli la udongo la kunyweshea ndege, nikapanga magogo yanayooza kwa ajili ya wadudu. Mwisho nikasimamisha kibao chenye maandishi ya mkono wangu: Kona ya Vipepeo. Sikunyunyizia tone la dawa. Wadudu wanaotafuna majani niliwaokota kwa vidole kila alfajiri na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Hapakuwa na jani langu lenye tundu.

Wifi hakuchora kitu. Alipanda akiacha mapengo ambayo yangepitisha mkokoteni.

"Mbona umeacha nafasi hivyo?" nilimuuliza.

"Hiyo pindo, wifi. Nguo ya mtoto usipoiachia pindo, mwakani anavaa nini?"

Niliingia ndani nikaliandika neno pindo kwenye daftari langu. Kisha nikalifuta.

Mlimau wake ulitobolewa majani mpaka ukafanana na chekecheke. Ulikuwa na viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege, na wakubwa wa kijani walionenepa kama vidole. Wifi alipita hapo na beseni lake la nguo bila kuwagusa. Lakini kila jua lilipopanda, vipepeo walishuka kwake. Weusi wenye madoa ya manjano, wawili, watano, wanane. Walipita juu ya kibao changu bila kutua.

Kaka yangu hakunisaidia. "Dada," aliniambia akinywa chai, "labda hawajui kusoma. Ungewawekea mshale."

Mama akacheka tena, akashika meza.

Jumatano moja bosi aliniita. Kuna mwalimu mkuu mstaafu aliyemaliza kujenga nyumba, naye anataka bustani isiyotumia dawa. "Jambo moja tu analolisisitiza," bosi alisema. "Anataka vipepeo. Nitamleta kwenu Jumamosi saa nne aione kazi yako. Akipenda, ni mteja wako."

Jioni ya kesho yake nilifungua madaftari ya chuo nione nilipokosea. Katika somo la wadudu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimenukuu maneno ya mwalimu na kuyapigia mistari miwili kwa wino mwekundu: Asiyetaka kiwavi asitarajie kipepeo. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Kwa miezi saba nilikuwa nimewazamisha vipepeo wangu kwenye maji ya sabuni, na nilikuwa nimepata alama tisini na mbili katika somo hilo.

Mtu mwema angecheka. Mimi nilichofikiri ni kwamba wifi, ambaye hakuandika sentensi hiyo mahali popote, alikuwa ameitii.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa akimpima mteja chumbani, nilivuka safu ya matofali nikiwa na kopo langu. Nilijiambia kuwa ninauokoa mlimau wa mama. Nilijiambia pia kuwa mgeni hapaswi kuona majani yaliyotafunwa. Ukweli ni mfupi zaidi: ikiwa mimi sina, naye asiwe nao. Niliokota mmoja, nikaokota wa pili. Wa sita alipotumbukia nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unawahamisha, wifi? Usiwabane mgongoni."

Alikuja akiwa na futi shingoni na uso mkunjufu, akapokea kopo. Kisha akatazama ndani.

"Haya maji yana povu."

"Ndiyo."

Alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya blauzi yake. Sijawahi kumwona akizitoa ili azungumze. Aliyamwaga maji, akawapanga viwavi sita juu ya kipande cha kitambaa cha bluu, akawapangusa kwa ncha ya kidole kama mtu afutaye vumbi kwenye jicho la mtoto. Wanne wakajikunja. Wawili hawakutikisika.

"Kwa nini, wifi?" aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu wanakuja kwako."

Alikaa juu ya matofali. "Mimi kila nikipita sebuleni nakiona kile cheti chako," alisema. "Jina limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Siku moja nilikishusha."

"Ulikishusha?"

"Nikakipima. Nikasema karatasi ngumu kama hii ingetosha kukatia mfano wa kola, tena mbili." Akanitazama. "Nikakirudisha ukutani. Kwa hiyo nimekushinda hapo. Mimi nilirudisha."

Aliwarudisha wale wanne kwenye mlimau, akaingia ndani kwa mteja wake.

Jumamosi saa nne kamili bosi alifika na mwalimu mkuu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani, anayetembea mikono ikiwa nyuma kana kwamba bado anakagua mabweni. Alikanyaga mawe yangu, akainama kuangalia mapengo. Akauliza maji ya paa yanakwenda wapi, nikamwonyesha. Alisoma kibao.

"Na vipepeo wako wapi?"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuwaona. Alivuka matofali, akasimama chini ya mlimau, na mmoja akatua begani kwake.

"Upande huu nani kapanda?"

Bosi alinigeukia akitabasamu, kwa kuwa alidhani ua wote ni kazi yangu. Dirishani, wifi alikuwa amekaa kwenye cherehani, pini zimerudi mdomoni. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kanyagio. Angeweza kusema, na hakusema. Ningeweza kusema "mimi", na hakuna ambaye angebisha.

"Wifi yangu," nilisema. Maneno hayo mawili yalitoka kama jino.

"Na mawe, na huo mfereji?"

"Mimi."

"Basi nawataka wote wawili," alisema mwalimu. "Wewe unajua maji yanakokwenda, yeye anajua kuacha vitu vikaliwa."

Cherehani ikaanza tena kulia.

Tangu siku hiyo tumetengeneza bustani tatu. Mimi huchora, na wifi huzungushia kidole sehemu za mchoro akisema, "Hapa pindo. Na hapa." Bosi ameagiza neno hilo lifundishwe kwa wafanyakazi wote wa kitalu. Mwalimu mkuu aliandika barua ya shukrani yenye mistari tisa, na sita kati yake inamhusu mama mwenye pini. Niliihesabu mara mbili.

Wifi alinipa kopo la kumi na tano: mche wa mlimau, umefungwa kwa riboni ya kitambaa cha bluu. Niliupanda chini ya kibao changu, nikaacha majani yatafunwe. Nilimlinda kiwavi mmoja tangu alipofanana na kinyesi mpaka alipojifunga kwenye kijiti. Juzi asubuhi kifuko kilipasuka. Kipepeo alitoka akiwa amekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi, akakausha mabawa yake juu ya herufi za kibao kwa muda wa karibu saa nzima.

Kisha akapaa, akavuka safu ya matofali, akaenda kwa wifi.

"Kaja kusalimia tu," alisema wifi kutoka dirishani. "Atarudi."

Nilimngoja mpaka saa sita. Hakurudi.