Nilivyotaja Mali Zangu Zote Nikiwa Chini ya Meza Kuu

Aibu hii nilikuwa nimepanga kwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya Tukuyu walikuwepo ukumbini na nusu iliyobaki wameiona kwenye simu, naona heri niisimulie mwenyewe, maana kuna wanaosema nilizimia, kuna wanaosema nilikuwa nimelewa (mimi, ambaye hata togwa hunipanda kichwani), na kuna mama mmoja sokoni Mpuguso alimwambia mwenzake mbele yangu, bila kunitambua, kwamba mke wa diwani ana mapepo. Sina mapepo, ndugu zangu. Nina baba mkwe.

Ngoja niwaeleze taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu wa darasa la pili. Mume wangu, Gwakisa, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mpaka wananchi walipomchagua kuwa diwani, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mke wa diwani hupata mali akiwa amelala. Jana yake nilikuwa mwalimu mwenye ng'ombe mmoja na bustani ya kabichi, kesho yake nasikia salon kwamba nina mashamba ya parachichi, nina kampuni ya maziwa, na ile gesti ya ghorofa inayojengwa Mpuguso ni yangu. Nilifuatilia hiyo gesti nijue niliijenga lini, nikagundua kwamba mume wangu siku moja alinyeshewa na mvua (huku kwetu mvua haiombi ruhusa), akajibanza pale kwenye jengo mpaka ikakatika, basi watu wakamwona amesimama mlangoni, wakamalizia hadithi wenyewe.

Mimi nilikuwa nacheka tu. Hata nilikuwa naona raha kidogo, niseme ukweli, maana ukitajirika bure hivyo hata wauza nyanya wanakusalimia kwa jina. Aliyekuwa hacheki ni baba mkwe wangu kule Lufingo. Huyu mzee maisha yake yote amelima, hajawahi kuchuma hata ndizi iliyoangukia upande wa jirani, na zile habari zilipomfikia alimtuma binti yake, wifi yangu Atupele, atuletee ujumbe: "Mwambie Gwakisa, nikijua amekula mali ya watu, asikanyage tena kwangu." Gwakisa alisikia ujumbe ule akaacha kula. Alitaka kwenda kujieleza, lakini angejieleza vipi? Ukimwambia baba yako "sijaiba" kabla hajakuuliza, ndiyo umekwisha kujishtaki.

Sasa, kwa wasiotoka huku, kuna jambo moja lazima mlielewe, la sivyo mtaungana na yule mama wa mapepo. Kwa Wanyakyusa, mke hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hapiti njia anayopita, na akimsikia anakuja anaingia migombani mpaka apite. Tunaita kutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Vijana wengi wameacha, na hata wanaoshika mila huwa na siku ya kuondoleana, wazee wanakaa, zawadi inatoka, mambo yanalegezwa. Yetu tumekuwa tukiiahirisha: mara msiba, mara mavuno, mara uchaguzi. Kwa hiyo tangu niolewe, baba mkwe wangu nimemjua kwa kikohozi. Anakohoa mara moja kwa kishindo, halafu anamalizia kidogo kama mtu anayegonga mlango, na miguu yangu ikisikia hivyo haisubiri amri ya kichwa.

Basi, ikafika sendofu ya kumuaga Tumpale, binti wa jirani yetu anayeolewa, ukumbini hapo Tukuyu mjini, na sisi tumealikwa meza kuu. Nilimuuliza Gwakisa, "Baba anakuja?" Akasema, "Baba? Na ukungu huu, aje kusikiliza maspika? Hatoki Lufingo." Nikatulia. Nikaazima gauni kwa wifi Atupele, lile la dhahabu lenye mkia, nikaazima na wigi lake, na Gwakisa akaazima gari la rafiki yake, kwa sababu gauni lile juu ya bodaboda lingeishia kwenye mnyororo.

Tulipofika, MC akanijia pale mezani. Anaitwa Lusajo, kijana mchangamfu sana, anaongea kama mtu anayelipwa kwa neno.

"Mama Mheshimiwa, nitakutambulisha. Nipe historia yako kidogo. Maisha, kazi, miradi."

Hapa ndipo lilipo kosa lote, ndugu zangu, mliangalie vizuri. Ningeweza kusema, "Mimi ni mwalimu," yeye akaenda zake. Lakini nilikuwa nimevaa dhahabu, nimekaa kwenye kiti chenye utepe, chakula kimeanza kunukia, nikaona uvivu wa kueleza, nikamwambia kwa sauti ya mtu mkubwa, "Mwanangu, wewe sema tu unavyonijua."

Akasema alivyonijua.

"Mabibi na mabwana! Nyuma ya kila diwani kuna chuma, na chuma chenyewe ndicho hiki! Mwanamke aliyesoma nje ya nchi! Mkurugenzi wa kampuni ya maziwa! Mashamba ya parachichi huko Isongole, usiulize yanaishia wapi! Gari mmeliona hapo nje! Na ile ghorofa ya Mpuguso, jamani, ile gesti, mnafikiri ya nani?"

Ukumbi mzima, "Yaaake!"

Na mimi nafanya nini? Natabasamu. Nainamisha kichwa hivi, kama mtu anayeona aibu kusifiwa kwa mambo ya kweli. Gwakisa ananikanyaga mguu chini ya meza, nadhani ananipongeza.

"Simama, Mama, utupungie!"

Nikasimama. Nikainua mkono. Na mlango wa ukumbi, ambao uko mbele kabisa, unatazamana na meza kuu kama vile fundi aliujenga kwa kunikomoa, ukafunguka, na kabla sijaona mtu nikasikia kikohozi. Kishindo kimoja, halafu kile kidogo cha kumalizia.

Sikufikiri. Laiti ningefikiri ningegeuka, ningeinama, ningefunika uso kwa kitenge. Lakini ukumbini hakuna migomba, kitu pekee kilichokuwa karibu na chenye majani ni meza kuu na maua yake ya plastiki, nikaingia. Niliingia kichwa mbele, nikaburuta kitambaa, soda zikaenda, maua yakaenda, mkia wa gauni ukabaki nje, na wigi (hili niliambiwa baadaye) likabaki limening'inia kwenye pembe ya kiti kama kuku aliyechinjwa.

"Mama ameanguka!" MC akapiga kelele kwenye maiki. "Presha! Nesi! Kuna nesi humu? Mpepeeni mama!"

Watu wakaanza kuja na sahani za kunipepea. Gwakisa akafunua kitambaa, uso umemwiva.

"Mama Neema, toka."

"Baba yupo?"

"Yupo."

"Basi sitoki."

Akashusha kitambaa. Na hapo muziki ukazimwa, nikasikia viatu vyenye tope vikija katikati ya ukumbi. Kumbe mzee alikuwa nje ya mlango muda mrefu akijifuta miguu, na zile spika zilikuwa zimemsomea utajiri wangu wote, neno kwa neno.

"Gwe Gwakisa," alisema. Hakupaza sauti. "Nimetoka Lufingo kwa pikipiki, mvua yote hii, nije nikuulize mbele za watu. Hiyo gesti ya nani?"

Gwakisa akaanza, "Tata, ile gesti, yaani, ile siku mvua..."

"Nimeuliza ya nani, sijauliza mvua."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mimi huko chini nikaona viatu vya mume wangu vinarudi nyuma kidogo kidogo, na nikajua kwamba yeye hawezi kuaminika hapo hata akisema nini, kwa sababu mkewe amesomewa mali mbele ya watu akatabasamu. Anayeweza kuikana ni mimi peke yangu. Na mimi ndiye mtu pekee ukumbini asiyeruhusiwa kusema na mzee huyu. Nitoke nimtie mzee haya mbele ya watu, au ninyamaze mume wangu apoteze kwao?

Nikamshika mtu mguu. Nashukuru Mungu ulikuwa wa wifi Atupele, aliyekuja kuangalia hali ya gauni lake.

"Wifi," nikamnong'oneza, "inama. Msemee baba kwa niaba yangu."

Akainama. Nikamwambia. Akainuka, akajisafisha koo (wifi yangu anapenda hadhara kuliko MC), akasema:

"Tata, mkweo yuko hapa chini, anakutila. Anasema hana gesti. Gesti ni ya mtu wa Mbeya."

"Amekanusha gesti!" MC akatangaza.

"Wewe nyamaza," wifi akamwambia, akainama tena, akainuka. "Anasema mashamba ya parachichi ni miche michache nyuma ya choo, na mmoja umeliwa na mbuzi."

Vicheko vikaanza.

"Anasema kampuni ya maziwa ni ng'ombe mmoja. Tena kwa sasa ana mimba, hata maziwa hatoi. Anasema nje ya nchi amefika Malawi, alikwenda kununua vitenge akarudi jioni. Anasema gari ni la kuazima."

Nikamvuta gauni, nikasema basi, inatosha. Lakini wifi alikuwa ameshapata moto.

"Gauni je? Semeni nyote, gauni la nani? Langu! Na wigi lile pale kwenye kiti la nani? Langu! Na nalitaka kesho likiwa limefuliwa!"

Jamani. Wamama wa Tukuyu walipiga vigelegele mpaka nikahisi meza inatikisika. Wazee waliokaa nyuma nao, wale wanaoijua mila, nikawasikia wakisema, "Huyo ni mke! Huyo amelelewa!" Vijana wao walikuwa wameshapiga magoti, simu zimeelekezwa kwenye mkia wangu wa dhahabu.

Nilisikia mzee ameburuta kiti akakaa. Halafu akaanza kucheka, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, ni kicheko chembamba cha kitoto.

"Nimeona," akasema. "Mwenye ghorofa haingii chini ya meza. Huyu ni mwanamke wa mtu asiye na kitu, na ana adabu. Gwakisa, nilikuja na swali. Siulizi tena. Jumapili uje Lufingo, kuna mikungu imekomaa, uje ukate."

Gwakisa akashukuru, "Ndaga fijo, tata," na viatu vyake vikasogea mbele tena.

"Na hao wazee," mzee akaongeza, "wapange hiyo siku ya kuondoleana haraka. Mimi siwezi kuzeeka nikiongea na kitambaa."

Mtadhani hapo nilitoka. Nitokee wapi, na mzee amekaa katikati ya ukumbi anasubiri chakula? Nilimaliza sendofu humo humo. Pilau lilishushwa. Soda ilishushwa. Bibi harusi mtarajiwa alipofika na keki, ilibidi apige magoti na shela yake, afunue kitambaa, anilishe kipande kwa kijiti, MC akitangaza, "Na sasa, meza kuu, tawi la chini!" Nilikula. Ilikuwa keki nzuri, na uso wa Tumpale ulikuwa umelowa machozi ya kucheka, nikamwambia mwanangu nenda kaolewe, ila uliza kwanza kama baba mkwe wako anakohoa.

Mzee alipoondoka ndipo wakanitoa, miguu imekufa ganzi, natembea kama bata.

Wapo walioniambia nilijidhalilisha. Nawaelewa. Lakini tangu siku ile hakuna anayetusema kuhusu gesti, na Gwakisa akipita watu wanamuuliza hali ya ng'ombe, siyo hali ya miradi. Siku ya kuondoleana nayo ilifanyika. Nilikaa mbele ya baba mkwe wangu, nikamtazama, nikagundua ana macho kama ya mume wangu, na wote wawili tukaanza kuulizana kuhusu mvua.

Kwa hiyo wapendwa, hasa ninyi ambao wenzi wenu wanataka kugombea mwaka ujao, msiogope, mtaweza, ila pokeeni ushauri wa mtu aliyeujua uvungu. Maisha yako yaseme mwenyewe, na uyaseme mapema, hata kama ni mafupi, kwa sababu ukiwaachia watu watakujengea ghorofa halafu wakuulize ulipata wapi matofali. Mimi siku hizi MC akinijia naishika maiki kwa mkono wangu, nasema, "Naitwa Mama Neema, ni mwalimu wa darasa la pili, nina ng'ombe, ahsanteni," nakaa. Na sikai meza kuu tena. Naomba kiti cha nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na kama gauni ni la kuazima, naazima lisilo na mkia.